Rangi ya Fedha Haina Siri

Kwenye kabati la sebule yetu hapa Katuba, Lubumbashi, kuna ndege ndogo ya plastiki yenye rangi ya chuma. Urefu wake ni sentimita 14, na bawa lake la kushoto limejikunja kuelekea juu kama jani lililopitiwa na moto. Wageni huniuliza kwa nini siitupi. Wapo vijana wanaokuja kwangu siku hizi kujifunza kuunda maketi, yaani mifano midogo ya ndege, na kila anayekuja ninamwekea ndege hiyo mkononi kabla sijampa msasa wala gundi. Leo ninakiandika kisa chake kwa ajili ya wale nisioweza kuwafikia.

Kama watoto wengi wa mji huu, nilikulia kwenye magari ya waya na ndege za makopo. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na sifa za majirani zilinifanya niamini kwamba wepesi wa mikono ndio ufundi. Nilipokuwa na miaka 22, binamu yangu anayeishi Brussels alinitumia boksi la maketi ya Fouga Magister, kipimo cha 1 kwa 72. Maana yake, kila sentimita moja ya maketi inasimama badala ya sentimita 72 za ndege yenyewe.

Fouga ni jeti ya Kifaransa iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1952. Ina injini mbili ndogo ubavuni na mkia wa vipande viwili vilivyoachana kama herufi V. Iliundwa kwa ajili ya kufundishia marubani, lakini sisi wa Katanga hatuikumbuki kama ndege ya shule. Katanga ilitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na mwezi Februari 1961 Fouga tatu zikaletwa hapa hapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Moja ilianguka mwezi Juni. Nyingine ilikamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa mwezi Agosti. Ikabaki moja. Vita kati ya Katanga na Umoja wa Mataifa vilipowaka mwezi Septemba, hiyo moja ikawa inatoka Kolwezi na kuwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa hapa mjini na kule Jadotville, Likasi ya leo, ambako kikosi cha Waairishi kilikuwa kimezingirwa. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuijibu. Mpaka Oktoba, Waswidi walipoleta Saab zao zenye tumbo nene, zile walizoziita Tunnan, yaani pipa, na Waethiopia wakaleta Sabre zao, ndege moja ya mafunzo ilikuwa imelifanya anga lote la Katanga kuwa lake.

Mtu mmoja mwenye ofisi mjini alisikia habari za boksi langu. Alikuwa anaandaa chakula nyumbani kwake kwa sikukuu ya uhuru ya Juni 30, na alitaka Fouga isimame katikati ya meza, iking'aa kama chuma kitupu, wazee aliowaalika waione. Tukapatana dola 60, akanipa 30 mkononi. Zilikuwa zimebaki siku 12.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mzee mmoja, fundi wa kupiga shaba. Sote tulimwita Papa. Alikuwa akichukua bamba jembamba la shaba, akilipiga kwa nyundo ndogo na patasi butu, upande wa nyuma kwanza kisha wa mbele, mpaka kijiji kizima kinatokeza: nyumba, mitende, mwanamke anayetwanga. Nilimpelekea vipande vya maketi nikitegemea atanisifu. Hakusema kitu kuhusu ndege. Aliuliza nitaipaka rangi gani, nikamwambia ya chuma, ile inayong'aa. Akaweka nyundo chini.

"Mwana," akasema, "hii rangi yako iko sawasawa na mukuba. Haifichaka kitu. Tengeneza kwanza ya chini. Ile ya yulu itakuya yenyewe."

Mukuba, kwa lugha yetu ya hapa, ni shaba. Akaleta bamba lililokwisha kung'arishwa, akaliinamisha mbele ya mlango mpaka mwanga ukateleza juu yake. Pembeni niliona mkwaruzo mwembamba kama unywele. Alisema mkwaruzo huo aliuona bamba likiwa bado halijang'arishwa, akaudharau. Alipoanza kusugua ndipo ulipojitokeza. Kadiri alivyosugua ndivyo ulivyozidi kuonekana.

Papa hakuwahi kuunda maketi hata moja, lakini maneno yake yalibeba kanuni yote ya kazi hii. Rangi ya kawaida, ya kijani au ya kahawia, ina huruma. Ina unene, nayo hunywa mwanga, kwa hiyo mashimo madogo hujaa na mikwaruzo husahaulika. Rangi ya chuma ni kitu kingine. Ndani yake mna vipande vidogo mno vya alumini, bapa kama magamba ya samaki. Ukivimwaga juu ya uso laini kama kioo, vinalala vyote upande mmoja na kurudisha mwanga pamoja, nasi tunaona chuma. Ukivimwaga juu ya uso uliokwaruzwa, kila gamba linasimama kivyake, na jicho linaona majivu. Ndiyo sababu mafundi wazoefu hutanguliza rangi nyeusi inayong'aa sana. Ile nyeusi ni kioo cha kujitazamia: ikikuonyesha kovu, unarudi kwenye msasa, na hapo fedha inakuwa bado haijaguswa.

Tena kuna hesabu ya kipimo. Unywele wa mtu una unene wa kama milimita 0.07. Ukinaswa chini ya rangi ya maketi ya 1 kwa 72, ni sawa na kamba ya milimita 5 iliyolazwa juu ya ndege ya kweli. Alama ya dole gumba yenye upana wa milimita 15 inakuwa doa la zaidi ya mita moja. Udogo wa maketi unalikuza kosa.

Papa alinipangia kazi. Nioshe vipande kwa maji na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Mahali nusu mbili za mwili wa ndege zinapokutana, nijaze mastiki, niache siku nzima ikauke na kunywea, kisha nijaze tena. Nisugue kwa msasa wenye maji, nikianza na namba 400, niende 800, 1200, nimalize na 2000, na kila nikibadili msasa niende dirishani kuangalia. Nisiiguse tena kwa vidole vitupu. Nilimjibu, "Ndiyo, Papa. Aksanti, Papa." Nilipofika nyumbani nikahesabu siku zangu 12, nikaona mzee anaongea kama mtu asiyekuwa na tarehe ya kupeleka kazi.

Nasema kila nilichokosea, kwa sababu kisa kisichotaja kosa hakimfundishi mtu.

Sikuviosha vipande. Mastiki niliipa saa mbili, nikaisugua kwa msasa mkavu mmoja tu, ule mkali uliokuwapo nyumbani. Rangi nyeusi ya msingi niliiruka kabisa; nilijiambia kwamba fedha ikiwa nzito itafunika. Nikanunua sokoni kopo la rangi ya kupulizia, ile ya rimu za magari, na sikujiuliza kama rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma itaelewana na plastiki. Tina iliyo ndani yake, ile inayoyeyusha rangi, ni kali. Inapogusa plastiki tupu huanza kuila, na uso uliokuwa laini unakuwa kama ngozi ya chungwa.

Juni hapa kwetu ni kiangazi chenye baridi. Mchana vumbi jekundu linapanda kutoka barabarani na kuingia kila mahali, usiku baridi inauma. Nilifunga dirisha na mlango ili vumbi lisiingie, nikapulizia ndani, katika chumba ambacho mdogo wangu wa kike, mwenye miaka sita, alikuwa amelala. Usiku wa manane aliamka analia kwamba kichwa kinamuuma, akatapika. Mama alifungua dirisha, akambeba nje kwenye baridi, akanitazama bila kusema neno. Mtoto alipona asubuhi ile ile. Mimi aibu ile ninayo mpaka leo, kwa maana niliilinda plastiki dhidi ya vumbi na sikumlinda mdogo wangu dhidi ya tina.

Hata hapo sikusimama. Rangi ilikuwa haikauki kwa sababu ya baridi, nami nilitaka kuongeza mkono wa pili. Niliposikia harufu ya tina imepungua, nikaleta mbabula yenye makaa, nikaisogeza ndege karibu. Mvuke wa tina na makaa ya moto havikai chumba kimoja. Ni Mungu tu aliyetuhurumia nyumba haikuungua. Bawa la kushoto halikuhurumiwa. Plastiki ya maketi hulegea kabla maji hayajachemka vizuri. Niligeuka kuchukua kopo, na niliporudisha macho, ncha ya bawa ilikuwa imejikunja. Nilijaribu kuinyosha kwa dole gumba. Rangi ilikuwa bado mbichi, na alama ya dole ikabaki hapo, mistari yake yote.

Usiku wa tarehe 28 niliiweka chini ya taa ya sebuleni, nikaridhika. Taa moja iliyo juu darini haina shida na mtu. Inamulika wima, na vivuli vyote vinajificha tumboni mwa ndege. Kwa rangi nyekundu na brashi ya unywele nikaandika namba 93 mkiani, namba niliyoisikia kijiweni, na chini yake nikachora misalaba mitatu ya shaba ya bendera ya Katanga, kwa sababu niliona inapendeza. Picha ya ndege yenyewe sikuwahi kuitafuta.

Tarehe 30 mwenye ofisi aliipokea mbele ya wageni wake, wakapiga makofi. Nikaona nafasi yangu. Nikasimama nikasema: "Wakubwa zangu, hii ndiyo ndege iliyomwangusha Hammarskjöld."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono, akaomba aishike. Akaigeuza taratibu mbele ya mwanga wa saa nane mchana. Sikuhitaji kuelezwa chochote. Nilipokuwa nimesimama, umbali wa hatua tatu, niliona kila kitu: mfereji kuanzia pua hadi mkia mahali mastiki iliponywea, mikwaruzo ya msasa mkali iliyokwenda huku na huku kama kuku walioparua uwanja, ngozi ya chungwa, bawa lililokunjwa, na dole langu gumba katikati, kubwa kuliko namba.

Mzee hakuyasema hayo. Aliuliza: "Mwana, hii namba uliionea wapi?"

"Nilisikia, Papa."

"Na misalaba hii?"

Nikanyamaza.

"Na hiyo habari ya Hammarskjöld, ulionea wapi?"

"Watu wote wanasema, Papa."

Akaiweka ndege mezani kwa upole, kana kwamba ilikuwa nzima. "Mwaka ule nilikuwa mtoto hapa hapa mjini," akasema. "Mama alitusukuma chini ya kitanda jeti ilipopita. Sauti yake ninaijua. Nani alimuua yule mzungu, mimi sijui. Nilikuwapo, na sijui."

Mwenye ofisi hakuniongeza zile dola 30 zilizobaki. Alikuwa na haki. Alinirudishia na ndege pia, ndiyo maana iko kabatini kwetu.

Maneno ya yule mzee ndiyo yaliyonipeleka kusoma, na niliyoyasoma yalinitia adabu. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa safarini kwenda Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kukutana na Tshombe ili vita visimame. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake, DC-6 iliyoitwa Albertina, ilianguka karibu na mji huo. Watu 16 waliokuwamo wote walikufa, mmoja wao baada ya siku kadhaa hospitalini. Uchunguzi wa utawala wa Rhodesia ulisema ni kosa la rubani. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1962 ulishindwa kukata shauri. Wengine wakaitaja ile Fouga moja iliyobaki, na neno likawa wimbo wa vijiweni.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kazi ya kulifukua jambo hili ilikabidhiwa mtu wa Afrika Mashariki, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwaka 2015 aliongoza jopo la wataalamu, kisha akaendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, akizibishia hodi serikali zenye nyaraka za kale na kuziomba zifungue makabati yao. Alifikia kusema kwamba inawezekana ndege ile ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Neno lake ni "inawezekana". Jaji mzima, mwenye ushahidi mbele yake, hakuthubutu kuliruka neno hilo. Mimi, mwenye kopo la rangi ya rimu, niliruka nalo mbele ya wazee kama nilivyoiruka rangi nyeusi ya msingi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu lilikuwa moja tu, nimelifanya mara mbili. Sikuijua kazi ya chini ya uso wa ndege, nikaifunika kwa fedha. Sikuijua kweli ya chini ya habari, nikaifunika kwa namba na misalaba. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami ninaongeza: mkakasi uliopakwa fedha hauna hata huo uzuri wa nje, kwa kuwa fedha inautangaza mti ulio ndani.

Nilirudi kwa Papa, jirani yetu mpiga shaba, na ndege yangu iliyojikunja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilitegemea aniambie hivyo. Alinionyesha msalaba wa shaba wa kale aliokuwa ameurithi, mmoja wa ile iliyokuwa fedha ya watu wa nchi hii kabla ya tanuru la kizungu kuwashwa Lubumbashi mwaka 1911. Ulikuwa mweusi, wenye vinundu, hauvutii macho. Akauweka kiganjani mwangu ili niusikie uzito wake. "Watu walilipana na hii," akasema. "Bei ilikuwa ndani." Kisha akaniuliza mtoto anaendeleaje.

Vijana wangu, haya ndiyo ninayowausia. Pulizieni nje, au mbele ya dirisha lililo wazi, mkiwa na kinga ya pua inayochuja mvuke wa tina, maana kitambaa hakiuzuii. Watoto wawe mbali na moto uwe mbali zaidi. Osheni plastiki kabla ya kuifanya chochote. Ipeni mastiki siku yake. Rangi nyeusi isirukwe, na ikiwaonyesha kovu, shukuruni, kwa sababu imewaonya mapema. Jaribuni kila rangi mpya kwenye kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye boksi kabla ya kuipaka bawani. Rangi ya chuma pulizieni nyembamba, mara nyingi, kama umande. Kazini vaeni glavu za pamba. Msikubali tarehe ambayo kazi yenyewe haiwezi kuikubali; mkono wa kupokea dola 30 usitangulie mkono wa kusugua. Na namba, bendera, au habari ya ndege, msiweke mpaka mmeiona. Msichokijua, kiacheni kitupu. Mahali patupu pa kweli panamheshimu mtazamaji kuliko msalaba wa kubuni.

Msidhani haya ni ya wanaounda ndege tu. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, aliunda miji mizima ya karatasi na maboksi inayometa kwa rangi, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA la New York likazionyesha kazi zake kwa heshima kubwa. Kabla ya miji hiyo, mtu huyo alifanya kazi ya kutengeneza vinyago vilivyoharibika katika makumbusho ya Kinshasa. Mikono yake ilijifunza kuziba nyufa za kazi za wengine. Mng'ao wa miji ile ulikuja baadaye.

Fouga yangu ya pili ilinichukua miezi minne. Nilipoimaliza nilimpelekea yule mzee wa dirishani. Mkiani hapakuwa na namba, kwa kuwa nilikuwa bado sijaona picha ya kuniridhisha. Aliiinamisha kwenye mwanga, mbele na nyuma, kwa muda mrefu, akapitisha kidole hewani juu ya bawa bila kuligusa. "Hii sasa inatisha," akasema. Akaanza kunisimulia habari za chini ya kitanda, habari ambazo siku ile ya sikukuu hakuzitoa.

Wiki iliyopita alikuja binti wa miaka 14 kutoka Kenya, mtaa wa jirani, anataka kuunda ndege. Nikamwekea mkononi ile ya kwanza, kama kawaida, nikakaa kimya. Chini ya taa aliitazama akasema ni nzuri. Kisha, bila kuambiwa, akaenda nayo mpaka mlangoni, akaiinamisha juani. Alisimama hapo kitambo. Aliporudi aliiweka kabatini kwa mikono miwili, akauliza maji ya kulowekea msasa yako wapi.